Maombi kwa Ajili ya Chatu wa Kizito

Kizito Walubengo alifuga nyoka kwa miaka kumi na minane, na katika kumi na minne ya kwanza dada yake Wilkista hakukanyaga mahali alipofanyia kazi.

Si kwamba hawakupendana. Mama yao alipofariki, Wilkista alikuwa kidato cha nne na Kizito darasa la tatu, na ni Wilkista aliyemfulia sare za shule, akamkagua kucha kila Jumatatu na kumfundisha kusali. Alitarajia awe mwalimu, au angalau karani wa kaunti. Badala yake Kizito alipata kazi Kitale kwa mzee mmoja aitwaye Ndung'u. Familia ya Ndung'u ililima mahindi Trans-Nzoia tangu zamani, lakini yeye aligeuza ghala moja kuwa nyumba ya nyoka ili watoto wa shule waje kuwatazama. Kizito aliajiriwa kufagia. Mwaka haukuisha kabla ya yeye kukabidhiwa kazi ya kuwalisha.

Wilkista aliuza nguo za mitumba soko la Misikhu, na kanisani aliongoza maombi ya akina mama. Sokoni hawakumwacha apumzike.

"Mama Levi, ati ndugu yako analala na nyoka kitanda kimoja?" muuza ndizi wa meza ya jirani alimwuliza.

"Si uulize bibi yake," Wilkista akajibu.

"Kwani bibi bado yuko?"

Alicheka pamoja nao, lakini moyoni aliumia. Nyoka kwake alikuwa yule wa kitabu cha Mwanzo, na hakuona haja ya kumjua mwingine. Kizito alipokuja kumtembelea, alimnawisha mara mbili kwa sabuni kabla ya kumpa chakula. Kizito alinawa mara mbili, kisha akakaa kula.

Mambo yalibadilika mwaka ambao Wilkista alifanyiwa upasuaji Kitale. Hakuweza kusafiri mara moja, hivyo alilala wiki tatu nyumbani kwa Kizito mtaa wa Tuwan. Kizito na mkewe Phelista walimpa kitanda chao. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kizito alimchemshia maji na kumkorogea uji, na jioni alimsomea zaburi kwa sababu dawa zilimtia Wilkista ukungu machoni. Wilkista alilala akitazama dari, akikumbuka ile sabuni.

Siku moja kabla ya kurudi nyumbani alisema, "Kizito, nipeleke nikaone hao watoto wako."

Kizito alidhani ni dawa zinaongea.

Ndani ya ghala kulikuwa na joto na giza kidogo. Kizito alifungua sanduku moja na kumtoa chatu mdogo, wa ile aina ya Afrika Magharibi ambayo ikiogopa hujikunja duara kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wengi wao ni weusi wenye mabaka ya kahawia. Huyu alikuwa mmoja wa wachache walioagizwa kwa vibali kwa sababu ya rangi zao, na rangi yake ilikuwa ya simsim iliyokaangwa. Ndivyo Kizito alivyomwita, Simsim.

Wilkista alimshika kwa mikono yote miwili. Alitarajia utelezi. Alikuta kitu kikavu, kizito kidogo, kama mkoba mzuri wa ngozi uliowekwa kivulini.

"Ana watoto wangapi?" aliuliza, kwa kuwa ndilo swali analomwuliza mwanamke yeyote anayekutana naye mara ya kwanza.

Kizito alimweleza vizuri. Simsim alikuwa ametaga mara mbili, na mara zote mayai yalitoka ya njano, makavu, magumu kama kipande cha sabuni. "Majike wa rangi hii hawazai, dada. Madume wanazaa bila shida, lakini majike hapana. Hata huko ng'ambo wanakofugwa wengi, wameona hivyo hivyo. Inakuja na hiyo rangi. Wengine mayai hukwama tumboni wanakufa. Mimi na mzee tumekubaliana hatumpandishi tena kwa dume. Akae tu, watoto wa shule wamwone."

"Sara alikuwa na miaka tisini."

"Sara hakuwa chatu, dada."

Wakacheka wote wawili, na Wilkista alirudi Misikhu akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Kizito aondoke nyumbani.

Lakini lile neno "hawazai" lilikaa naye. Jumapili iliyofuata aliliweka mbele ya akina mama wa maombi.

"Sasa tunaombea nyoka?" mmoja aliuliza.

"Tunaombea kazi ya ndugu yangu," Wilkista akajibu, na hakuna aliyebisha tena.

Akawa anampigia Kizito simu kila Jumapili. Amekula? Amejivua gamba? Na mwisho wa kila simu, "Umempandisha?"

"Hapana, dada. Nilikwambia."

"Imani yako ni ndogo, Kizito."

Alisema hivyo miezi mingi, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango. Ndani yake aliamini kwamba yai moja likianguliwa, Kizito atajua kuwa dada yake yuko upande wake, na ile miaka kumi na minne itakuwa imelipwa. Hakujua njia nyingine ya kumwomba msamaha. Naye Kizito, aliyengoja miaka yote hiyo dada yake aulize habari za kazi yake, hakuwa na nguvu ya kumkatisha tamaa kila Jumapili.

Miezi ya baridi ilipofika alimtia dume kwenye sanduku la Simsim.

"Si tulisema basi?" Ndung'u alimwuliza.

"Dada yangu anaomba, mzee."

"Hata mimi naomba. Lakini sipandi mahindi Desemba." Halafu, alipoona Kizito hacheki, akasema, "Wewe ndiye unamjua. Fanya unavyoona."

Simsim alinenepa. Akaacha kula, kama wafanyavyo majike wenye mayai. Akajivua gamba, dalili kwamba atataga kabla ya mwezi kwisha, na Wilkista aliposikia hivyo aliimba akipanga nguo mezani. Mwezi ukaisha. Wiki nyingine ikapita. Uvimbe ulionekana karibu na mkia na haukusogea. Kizito alimlowesha katika maji ya vuguvugu kila siku, kisha akamwita daktari wa mifugo, mtu mwema aliyezoea ng'ombe, ambaye alimchoma sindano na hatimaye akampasua. Alitoa mayai manne yaliyooza. Simsim alikufa Alhamisi, saa sita mchana.

Kizito alipiga simu. "Dada, Simsim amekufa."

"Na mayai?" Wilkista aliuliza.

Ndilo neno la kwanza lililomtoka.

"Yalikwama," Kizito alisema. Hakuongeza kwamba alikuwa amemwonya.

Baada ya hapo Wilkista hakwenda tena Kitale. Kila mwezi alipanga safari, na kila mwezi kulitokea jambo, mvua, mzigo mpya wa nguo, semina ya kanisa. Ukweli ni kwamba hakuweza kuutazama uso wa ndugu yake. Simu zikawa fupi. Hakuuliza tena habari za nyoka, kwa kuwa aliona hana haki ya kuuliza. Kizito alipokuja Misikhu, Wilkista alijishughulisha jikoni hadi wakati wa kuagana. Lakini usiku na mchana alimwomba Mungu amsamehe.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Aprili mwaka huu, Kizito alianguka akiosha masanduku, na hakuamka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwa umepasuka. Misikhu walisema ni nyoka.

Kamati ya mazishi iliandika katika wasifu wake kwamba alihudumu katika sekta ya mifugo. Mchungaji alishauri ibaki hivyo, waumini wasichanganyikiwe. Wilkista ndiye aliyepewa kuusoma. Alipofika kwenye mstari huo alikunja karatasi.

"Ndugu yangu alifuga nyoka," alisema. "Aliwajua kama ninyi mnavyojua ng'ombe wenu. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuumbwa kuzaa, na Kizito alinieleza wazi. Nikamwambia hana imani. Akanisikiliza mimi, na yule kiumbe akafa kwa mateso. Hakuwahi kunilaumu."

Ndung'u, aliyekaa safu ya nyuma hemani, alivua kofia. Wilkista alirudi kwenye kiti akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Jioni, watu walipopungua, Phelista alikuja kukaa karibu naye kwenye benchi nyuma ya jikoni. Alikuwa amevua viatu.

"Dada, yale uliyosema leo, Kizito hakuyajua."

"Hakujua nini?"

"Kwamba ulikuwa unajilaumu. Alidhani umerudia kuona kinyaa. Alikuwa akiniambia, 'Dada yangu ameogopa nyoka tena, tusimlazimishe.' Wikendi ambazo ulisema utakuja alikuwa akioga mara mbili."

Wilkista alishika ukingo wa benchi. "Hakunikasirikia juu ya Simsim?"

"Akukasirikie kwa nini? Ni yeye alimpandisha. Alijilaumu yeye mwenyewe. Alitaka sana kuongea na wewe juu ya hilo, lakini hukuuliza."

Phelista hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayerudisha chombo kilichoazimwa. Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kuwaaga wageni wa Kitale waliokuwa wakiondoka.

Wilkista aliwatazama wakipanda gari lao. Kutoka Misikhu hadi Kitale ni mwendo wa saa moja hivi. Siku yoyote katika miaka hiyo mitatu angeweza kwenda asubuhi, akarudi kabla soko halijafungwa.