Hewa ya Uani

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mtunza vifaa wa chama cha wapiga mbizi. Wanachama walikuwa Wazungu wa ofisi za serikali na Wahindi wachache wenye biashara mjini. Mitungi ya hewa, miwani ya majini, mapezi ya mpira, vyote vilikuwa mali ya chama. Mtu aliazima, akaenda kuzamia, akarudisha. Mimi niliviosha kwa maji ya bomba kutoa chumvi, nikavianika kivulini, nikajaza mitungi upya.

Stoo yetu ya kwanza ilikuwa karibu na Feri, na upepo wa bahari ukala kila chuma. Ndipo tukahamia Kariakoo, chumba cha uani kwa mjane mmoja wa Kichaga aliyeuza maharage na ndizi sokoni. Mashine ya kujazia hewa tuliiweka ubavuni mwa chumba. Moshi wake ulitolewa kwa bomba hadi uchochoroni, na bomba jingine la kuvutia hewa safi likafungwa chini ya kipenu. Yule mama alipoisikia ikinguruma mara ya kwanza alisimama mlangoni akiwa na ungo mkononi.

"Mnajaza nini humo?"

"Hewa, mama."

"Hewa gani?"

"Hii hii ya hapa."

Aliniangalia kidogo, akarudi kupeta maharage yake.

Matengenezo yalikuwa ya fundi saa mmoja wa Kihindu, mwanachama ambaye hakuwahi kuzamia kwa kuwa hakujua kuogelea. Alipenda tu vile vifaa vya kuvutia pumzi, na springi na vali zake ndogo. Akifunga duka alivuka Mnazi Mmoja kwa miguu na kisanduku chake cha bisibisi, akakaa uani kwenye kigoda akivifungua kimoja kimoja.

Msimu wa mvua, Mzungu mmoja mpimaji ardhi aliibuka kutoka majini akitapika, akashindwa kupanda mashua. Wenzake walimvuta ndani akiwa hajitambui. Alizindukia hospitali, kichwa kikimuuma vibaya. Kampuni ya bima ya chama ikatuma neno kwamba hakuna kifaa kitakachotumika mpaka wakala wake aje kukagua, na kwamba huenda bima ikafutwa.

Fundi alikifungua kifaa cha yule mgonjwa akakifunga tena. Kesho yake akakifungua upya. Hakikuwa na kasoro. Basi akachukua mtungi mwingine tuliojaza siku moja na ule wa mgonjwa, akaufungia kifaa kile kile, akakaa kigodani akavuta pumzi kutoka humo. Nilimwambia aache. Akanionyesha kiganja, nisubiri. Baada ya muda akakitoa mdomoni, akashika paji la uso.

"Ina ladha ya jiko," alisema.

Tukainua macho pamoja. Kwa sababu ya mvua, yule mama alikuwa amehamishia jiko lake la mkaa chini ya kipenu, na sufuria la maharage lilikuwa likichemka pale pale, chini ya mdomo wa bomba letu la kuvutia hewa. Naye alikuwa amesimama kando ya jiko, anatusikiliza.

"Ni mimi?" aliuliza.

Akaweka mwiko chini.

"Mtaniandika kwa polisi? Mzungu nusura afe, na jiko ni langu."

"Jiko lako liko nyumbani kwako, mama," fundi alimwambia. "Bomba ndilo geni. Na mahali pa bomba nilipachagua mimi."

Usiku ule mama hakupika. Nilijua kwa sababu asubuhi jiko lilikuwa nje kwenye mvua, mkaa umelowa.

Wakala wa bima alikuja, mtu mkavu mwenye kofia pana. Katibu wa chama alikuwa amemnong'oneza fundi kuwa ingefaa kusema mwenye nyumba alikiuka mapatano. Fundi hakusema hivyo. Alimpeleka wakala chini ya kipenu, akamwonyesha bomba, akamweleza kwamba yeye ndiye aliyelifunga na hakufikiria mvua. Wakala aliandika, akauliza maswali machache, akaagiza bomba lipandishwe juu ya paa na mitungi yote imwagwe hewa. Bima ikaendelea. Fundi aliandikiwa onyo na chama, naye akaendelea kuja na kisanduku chake.

Mpimaji ardhi alipopona alikuja mwenyewe kuona bomba jipya. Mama alimtambua kabla hajaambiwa. Alimfutia kigoda kwa khanga, akamletea sahani ya maharage na ndizi. Kiswahili cha yule bwana kilikuwa cha salamu tu. Alikula yote, akasema, "Asante, mama," akamrudishia sahani kwa mikono miwili.

Alipoondoka mama aliniita.

"Mwanangu, siku mkijaza, niambie. Nitapikia kwa jirani."

"Bomba liko juu sasa, mama. Pika tu."

"Niambie hata hivyo," alisema.

Nikawa namwambia, kila mara, mpaka chama kilipohamisha vifaa vyake.