Nani Alikuambia Maji Yanakuja

Mwaka ule nilipanga chumba mjini, mtaa wa Chuno, na kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wa vijiji vya kando ya Ruvuma: mliposikia mto utafurika, mlifanya nini? Nilikuwa mtafiti wa masuala ya maafa. Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda huko, jioni nikarudi kula peke yangu. Kuna siku sikumwambia mtu lolote ila maswali.

Karibu kila niliyemhoji alikuwa ameisikia redio ikionya, lakini hakuondoka mpaka alipoambiwa na mtu wake: dada, mkwe, jirani wanayechota naye maji. Nilikuwa nimeanza kulizoea jibu hilo nilipopiga hodi kwa bibi mmoja aliyevuka kutoka Msumbiji akiwa msichana, akaolewa hapo, akamzika mumewe hapo. Nilimkuta akimenya mihogo.

"Shikamoo, bibi. Nani alikuambia maji yanakuja?"

"Marahaba. Hakuna."

Nilidhani hakunielewa, nikauliza upya.

"Nimekusikia, mwanangu. Niliwaona majirani wanapita na watoto na mikeka tangu alasiri. Nikasema wanakwenda kulala shambani, kulinda mpunga."

Maji yaliingia alfajiri, akiwa anatawadha. Alipanda juu ya meza, akakaa huko mpaka kulipokucha kabisa, ndipo akajikongoja, maji yakiwa magotini, hadi shuleni walikokimbilia wenzake. Jirani yake alipomwona mlangoni alishtuka: "Kumbe bibi ulikuwa nyumbani?"

"Hawana ubaya," bibi aliniambia. "Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniambia." Akamenya muhogo mwingine. "Lakini ile 'kumbe', mwanangu, iliniuma kuliko baridi."

Tulifundishwa tusiingilie mambo ya watu tunaowahoji. Hata hivyo nilichukua kisu cha pili nikamsaidia mihogo, na kabla ya kuaga nikamwomba ruhusa nizungumze na yule jirani.

"Zungumza naye," alisema. "Mimi naona haya kuomba kukumbukwa."

Nilipomweleza jinsi bibi alivyoumia, jirani alilia, kisha akaniuliza kwa ukali kwa nini bibi hakumwambia mwenyewe.

Masika yaliyofuata nilipita tena. Binti wa jirani alikuwa amehamia kwa bibi, na bibi alilalamika kwamba binti anakoroma na anamaliza sukari yote. Binti akacheka, akasema anayekoroma ni bibi. Wakabishana kwa Kimakonde, nami nikiwa nimekaa na kikombe changu, sielewi hata nusu. Niliaga mapema.

Nilipofika Chuno mvua ilikuwa imeanza. Sikuingia chumbani. Niligonga mlango wa jirani yangu, mlango ambao sikuwahi kuugonga tangu nihamie. Mama mmoja alifungua, mikono yake ina unga.

"Karibu," alisema, akisubiri nieleze shida yangu.

Sikuwa na shida. Nilimwambia tu kwamba ninaishi hapo pembeni.