Tulifukuza kifo kwa boma la Babu, nikamvunja baba mdogo taya

Admin, ficha jina langu, ila usifiche kwamba mimi ni mtanashati. Nina miaka kumi na tisa, naishi Northfield hapa Birmingham na mama yangu, Mjaluo, anafanya kazi ya kutunza wazee. Baba alikuwa mzungu. Na si mzungu wa mjini, ni wa kijijini kabisa, kanisa moja, pabu moja, ng'ombe wengi kuliko watu. Shule tuliachana mapema, kwa hivyo mkiona makosa nyamazeni. Watoto wenu mkiwasalimia kwa Kiswahili wanawajibu Kizungu, mimi hapa naandika.

Likizo zote za utotoni nilikuwa kwa Babu, mzaa baba. Alinifundisha kukamua kwa mkono ingawa mashine ipo. Kwa mlango wa zizi kuna majina yamechongwa kwa kisu, la babake Babu juu, la Babu, kisha la baba na la ndugu yake. Nikiwa na miaka saba hivi nilichukua kisu cha jikoni nikaanza kuchonga langu. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi hapo kwa Babu na mkewe, akanikuta. Akaninyang'anya kisu, akanibeba kwa kola, akanitupa kwa shimo la mavi ya ng'ombe. "Kachonge Birmingham," akasema. "Hapa si kwenu." Nilizama hadi shingoni, mdomo ukajaa. Baba alipokuja alimpiga ndugu yake mpaka damu ya pua ikarukia ukuta, mkewe akiangalia. Tangu siku hiyo wale wawili walisalimiana kwa kichwa tu.

Mwaka huu baba akafa, moyo. Mama alikataa azikwe Birmingham. Akasema mwanaume huzikwa kwao. Tukampeleka kijijini, akalazwa uwanja wa kanisa kando ya mamake. Wazungu wakaimba polepole, wakaingia pabu kula sandwichi. Mjomba wangu wa Stechford, hapa hapa Birmingham, kaka yake mama, akanivuta kando.

"Sasa wewe, baba yako anaondoka kimya kama paka? Kifo bado kimekaa kwa lile boma. Lazima kifukuzwe."

Kwetu Wajaluo mwanaume akifa, wanaume huswaga ng'ombe, wakakimbia na fimbo na mikuki wakipiga kelele, wakipigana na hewa, na hata wao kwa wao kwa mchezo, mpaka kifo kitoke. Mimi nilikuwa nimeiona kwa simu tu, lakini si mnanijua, nikajifanya mzoefu.

"Wazungu wameelezwa?" mjomba akauliza.

"Niachie mimi."

Nikamwendea Babu. "Babu, baadaye tutapita kwako na wajomba tuimbe kidogo." Akanishika bega. "Imbeni tu, kijana."

Kuimba kidogo! Admin, tulikuwa wanaume wa maana, suti za kanisani, matawi yamefungwa kiunoni, kila mtu na fimbo. Mimi nilishika ya baba, ile aliyoswagia ng'ombe, nzito kama chuma. Nikafungua geti la malisho, nikawapigia ng'ombe mluzi wa Babu, tukawakimbiza wote hadi uani. Mjomba alikuwa anauchapa ua wa miti na kutukana: "Toka! Toka humu, mshenzi! Leo utatutambua!"

Baba mdogo alikuwa ametoka mazishini mapema akakamue. Akachungulia kutoka zizini, akaona ng'ombe wake wanakimbia wazimu na nyuma yao wanaume weusi wanapiga mayowe na fimbo juu. Hata mimi ningejiogopa. Akatoka na sepetu.

Mjomba alipomwona akafurahi. Wallahi, alifurahi! Alidhani ameingia mchezoni. "Ndugu ya marehemu huyo! Njoo, shemeji!" Akamrukia akiinua fimbo huku anacheka. Sepetu ikashuka. Nilisikia mfupa wa mkono ukilia kama kuni kavu, mjomba akapiga magoti bado ana kicheko usoni.

Ya pili ilikuwa ya kichwa changu. Nikainama, mimi ni mwepesi, ulizeni Northfield nzima. Fimbo ya baba ikampata mdomoni. Meno yakatoka, taya likaenda upande. Hilo pigo lilikuwa la mjomba. Yaliyofuata yote yalikuwa ya lile shimo la mavi. Alianguka nikampiga, akajikinga nikauvunja mkono, damu ikachanganyika na maziwa ya ndoo iliyopinduka kwa sakafu, na ukweli ni kwamba sikuwa nataka kuacha.

Mtu akanikumbatia kutoka nyuma, mikono ya kizee. Babu. "Inatosha," akasema kwa sikio langu. "Mmoja nimemzika leo."

Polisi walikuja. Babu akawaambia ng'ombe walitoroka wakaleta fujo, mengine ni ya familia. Baba mdogo taya limefungwa waya, aliulizwa akatikisa kichwa tu. Lakini mkewe amenitumia ujumbe kwamba mumewe amesema kupitia meno, nikikanyaga pale tena nitatoka nimelala.

Sasa juzi Babu amenipigia. "Ndugu ya baba yako hawezi kukamua. Mgongo wangu umekwisha. Umemvunja wewe, njoo ukamue wewe. Uje ukae. Na mlangoni bado kuna nafasi chini ya jina la baba yako." Jumamosi atanisubiri stesheni.

Mama amelia. "Nimezika mume huko, sitazika na mtoto." Mjomba, mkono bado kwenye plasta, ananipigia kutoka Stechford: "Usipoenda sasa, usije ukasema una kwenu."

Mimi siogopi mtu, mnanijua. Lakini nitalala nyumba moja na yule mtu, ukuta mmoja katikati, na mkono wake utapona. Fimbo ya baba iko hapa nyuma ya mlango, nimeiosha lakini bado ina alama za meno.

Wakubwa kwa wadogo, nipeni akili: niende, nisiende? Na nikienda, niibebe ama niiache?