Mungu wa Pande Zote za Bati

Nakumbuka tulipokuwa wadogo Kibera, maombi ya jirani uliyasikia upende usipende. Ukuta ulikuwa bati moja tu. Asubuhi kabla chai haijachemka, mama yangu anaombea jua, kwa sababu alikuwa anafulia watu nguo. Upande wa pili Mama Akinyi, aliyekuwa na kashamba kake ka mboga za sukuma kando ya reli, anaombea mvua. Wote kwa sauti, wote kwa jina la Yesu. Sisi watoto tumelala chini tunasikiliza kama mechi. Ikinyesha, ndugu yangu anamwambia mama, "Leo Mama Akinyi amekufunga." Anachapwa mwiko.

Siku moja nikauliza Mungu anamsikia nani. Mama akasema, "Anatusikia wote. Vile anafanya ni yake. Shika hiyo beseni." Ikaisha. Jioni tunakula sukuma ya Mama Akinyi, nguo za watu zimeanikwa juu ya jiko lake. Hakuna aliyemwambia mwenzake ana imani ndogo.

Siku hizi kila mtu amemaliza kumjua Mungu. Vijana wa kanisa letu hapa Gatina wanamweleza kwa simu, na michoro, kama mtu waliyekaa naye dawati moja. Ndevu hazijaota, lakini sababu ya kila kitu wanayo.

Juzi juzi msichana wangu Neema alilazwa na nimonia. Kitanda cha pili alikuwa Baraka, mtoto wa jirani yetu wa ploti moja. Mimi na mama yake tulishikana mikono tukawaombea wote wawili, ombi moja. Neema akapona. Baraka tukamzika. Tumetoka tu makaburini, kijana mmoja wa kikundi cha maombi akanisimamisha kwa ngazi za ploti yetu, akasema nishukuru, imani yangu ilikuwa imara, ya Mama Baraka ilikuwa na shaka.

Nilimwambia ashuke hizo ngazi kabla nimshushe mimi. Imani gani? Mimi pale hospitali nilikuwa nimenuna, simtaki Mungu hata kumsikia. Mama Baraka ndiye aliyenishika mkono akaniambia niombe.

Sasa Neema anauliza kwa nini yeye na si Baraka. Mama yangu angempa kazi ya kufanya, na mtoto angeridhika. Enzi zetu kutojua hakukuwa na uchungu. Tulikula nako, tukalala nako. Mimi kunanichoma. Nimegeuza hii kitu kila upande, sioni mwanzo wala mwisho, na anayesema ameielewa asikanyage mlango wangu.

"Sijui, mama," nilimwambia Neema.

Akaingiza miguu kwenye viatu. "Na leo tunaenda kuomba kwa kina Baraka?"

"Tunaenda."

"Tunamwomba nani?"

"Huyo huyo," nikasema, nikainama nimfunge viatu.