Siku Niliyomkalia Mama Mkwe

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kwa sababu shemeji zangu wakiisimulia huongeza chumvi, na haihitaji. Mimi mliyeniona nikiinua vikombe vya badminton Kisumu na Nairobi, nilikwenda kisiwani Rusinga kuomba mke nikarudi Migori nimejifunika uso kwa kofia.

Asubuhi ya safari nilitia raketi mbili kwenye begi (labda nilitaka baba yake Achieng, mchumba wangu, ajue mchezo ndio kazi yangu, maana alikuwa ameshamuuliza binti yake kama nina kazi nyingine). Baba mdogo Ojwang', aliyekuwa msemaji wangu, akaziona.

"Omera, hiyo vitu acha hapa. Tunaenda kuongea mambo ya bibi."

Sikuziacha. Njia nzima baba mdogo alinikumbusha jambo moja tu: mama mkwe haguswi, hasalimiwi kwa mkono, ukimwona anakuja huku wewe pita kule. Kwetu Waluo hapo hakuna mzaha, ukikosea mazungumzo yanaweza kuvunjika na Achieng nikamsikia kwa mwingine.

Mambo yakaenda vizuri mpaka tukala. Ndipo kaka yake Achieng akaona mpini ukichungulia kwenye begi.

"Champion! Si utuonyeshe kidogo?"

Mara wavu wa kuvulia omena, dagaa wa ziwani, ukafungwa kati ya miti miwili, wageni wakageuza viti. Baba mdogo alinikazia macho, nikajifanya sijamwona.

Sasa, mimi ni bingwa wa ndani ya ukumbi, milango imefungwa, hata feni imezimwa. Upepo wa ziwa wa alasiri haumwulizi mtu cheo. Nikaanzisha, kinyoya, kile kimpira chetu cha manyoya, kikaenda, kikasita, kikarudi kikanipita begani. Watu wakacheka. Nikaanzisha tena, kikatua kwenye sufuria ya samaki, nikamsikia baba mkwe akiuliza kwa upole, "Na hii ndio inamlisha?" Nikaona lazima nipige moja ya heshima. Shemeji akatoa kinyoya kingine, akakipiga juu sana, upepo ukakichukua, nami nikarudi nyuma mbio nikiangalia mbinguni, raketi juu, mdomo wazi, huku wanawake wakipiga kelele "Yaye! Yaye!" (nikadhani wananishangilia).

Nikakaa. Nilikaa juu ya mapaja ya mtu, kiti cha plastiki kikavunjika miguu, tukaenda chini wote wawili, na nilipogeuka nikakutana uso kwa uso na mama mkwe. Kinyoya kilikuwa kimenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alinishika mkono kama mwizi, tukaondoka bila kuaga, Achieng nikamwacha analia mlangoni.

Siku zilizofuata sikulala wala sikugusa raketi. Kila simu ikilia nilijua ni ya kuniambia basi. Hatimaye Achieng akapiga.

"Mama anasema kinyoya yako iko kwake. Ukuje tena na wazee wako. Lakini ukuje ukiangalia mbele."

Nikaenda, na leo Achieng ni mke wangu. Raketi zangu hazivuki tena daraja la Mbita kwenda kisiwani, na nikiwa Rusinga sirudi nyuma hata hatua moja kabla sijageuka kuangalia. Kinyoya chenyewe mama hajanirudishia mpaka leo, na mimi siwezi kumwomba, maana nitamsogeleaje?