Ngoja Kwanza, Nisome

Juzi, katika ofisi moja hapa mjini Baraka, mama mjane kutoka Mboko alipewa na karani karatasi ya shamba lake pamoja na kidau cha wino.

"Weka kidole, mama."

"Ngoja kwanza, nisome."

Sisi tuliopanga mstari tukaguna. Yeye akapitisha kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza, kama bamama wa kanisa lake wanavyofundishana kusoma kila Alhamisi. Katikati akasimama.

"Hapa mumeandika jina ya shemeji yangu. Shamba iko yangu!"

Karani akaangalia, akaandika upya. Mama akasaini jina lake lote, herufi kwa herufi, kichwa juu.

Mzee aliyeguna kuliko wote akatoa karatasi yake mfukoni.

"Mama, unisomee na yangu."

Nami, mwandishi wa gazeti niliyekuwa nimesaini karatasi yangu bila kuisoma, nikasimama nyuma ya mzee, karatasi mkononi.