Toronto Yangu Iko Landless

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mama ana marafiki kanisani wanaosoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, sijaoa. Kwetu ni Ruiru. Familia yote inajua niko Toronto, Kanada. Ukweli ni kwamba niko Thika, mtaa wa Landless, nafanya kazi kiwandani.

Mwaka jana walinisindikiza hadi uwanja wa ndege kwa gari la kukodi. Mchungaji akaniombea, tukapiga picha. Wasindikizaji hawaruhusiwi kupita mlangoni, kwa hivyo hawakuona nikirudishwa. Viza niliyotafutiwa na ajenti ilikuwa feki. Nilikaa ndani hadi walipoondoka. Nilipanda matatu ya Thika, nikapita Ruiru na sanduku langu, sikushuka. Nilijiambia nitasema wiki ijayo.

Tangu hapo humpigia Mama jioni, kwa kuwa huko ni mchana. Huniuliza kama nimekula lunch, nami husema ndiyo. Huniambia nisimletee mzungu asiyejua kuponda viazi na mahindi ya mukimo.

Sasa ana uvimbe tumboni na daktari anataka apasuliwe haraka. Amekataa. Dada yangu alinipigia jana akasema kila siku anayongoja ni hatari, lakini haingii theatre kabla hajanishika mkono. Akampa simu.

"Hiyo ndege huchukua masaa mangapi?" Mama akauliza.

Nikaangalia kwenye mtandao. Kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, kama saa kumi na tano angani. Nikamsomea vile vile.

"Si mengi," akasema. "Nitakungoja."

Dada akachukua simu. "Na unabadilishia ndege wapi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtandao ulikuwa umepima mstari tu kwenye ramani. Nikasema bado natafuta tiketi, wanipe hadi Jumamosi. Hakurudia swali. Alisema watakuja na gari kunipokea, na kwamba atamwomba daktari asubiri.

Kutoka hapa hadi kitanda cha Mama ni nusu saa, barabara ikiwa wazi. Leo nimevaa viatu mara mbili nikavivua. Nikienda sasa, atajua kwamba zile jioni zote nilikuwa namdanganya, na presha yake si nzuri. Anaweza kukataa upasuaji kwa hasira. Nikisubiri Jumamosi nijifanye nimetua, nitakuwa nimemfanya mgonjwa angoje ndege ambayo haipo.

Matusi nitayasoma, nayastahili. Lakini mnishauri leo, si kesho: nimwambie kabla hajapasuliwa, au nimdanganye mara moja zaidi ili akubali? Dada ameandika sasa hivi. Mama anauliza kama nimepanda ndege.